Kumrudisha Mtu Aliyevuka Mpaka

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Tanga na pwani ya kaskazini

MANENO YA SOMO LA LEO
(Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni kabla redio haijafunguliwa.)

Mtuhumiwa: mtu anayeshukiwa kwamba ametenda kosa, lakini kosa hilo bado halijathibitishwa.
Hati ya kukamata: karatasi ya hakimu inayoamuru mtu akamatwe.
Kurejesha mtuhumiwa: nchi moja kumtoa mtu na kumkabidhi kwa nchi nyingine ili akashtakiwe huko.
Mwenendo wa mahakama: njia ambayo shauri hupitia tangu mwanzo mpaka hukumu.
Matumizi mabaya ya mwenendo wa mahakama: kuitumia njia hiyo kwa hila au kwa uonevu, au kuikwepa kwa makusudi.

SOMO LENYEWE

Natumaini kila mmoja wenu amekwisha pata mahali pa kukaa, na daftari na kalamu ziko tayari. Somo letu la leo ni la sheria. Usiogope. Sheria ni jambo la kila mtu, mvuvi na mkulima, mama wa nyumbani na mchuuzi wa sokoni, kwa maana siku itakapokugusa haitakuuliza kama umesoma au hukusoma.

Tuanze na swali lililoletwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la karibu na mpaka. Aliuliza hivi: "Mtu akifanya kosa hapa Tanga, kisha akapanda basi mpaka Horohoro, akavuka akaingia Lungalunga, je, polisi wetu wanaweza kumfuata huko wakamkamata na kumrudisha?"

Swali hili ni zuri, nalo linatufaa sana sisi watu wa pwani. Ninyi mnaoishi Jasini na Moa mnajua kwamba ndugu zenu wako Vanga, upande wa pili. Wadigo wako Tanzania, na Wadigo wako Kenya. Mpaka ule uliwekwa na Waingereza na Wajerumani zamani zile walipogawana nchi, wala hawakuuliza nani ni shangazi wa nani. Mtu hutoka upande huu asubuhi kwenda mazishini, jioni akarudi. Lakini amri ya askari haisafiri kama shangazi. Amri yake ina mwisho. Zipo sheria za pekee juu ya kufukuzana mpakani, nazo leo hatutazisema. Lakini kwa kawaida askari wa Tanzania akifika Lungalunga ni mgeni kama wewe na mimi.

Basi, je, mhalifu akivuka mpaka amekwisha okoka? La, hasha. Wahenga walisema, za mwizi ni arobaini. Iko njia ya kumrudisha, na njia hiyo ndiyo iitwayo kurejesha mtuhumiwa. Leo tutatazama mambo matatu. Kwanza, njia hiyo inakwendaje. Pili, huharibiwaje. Tatu, mahakama hufanya nini ikiona imeharibiwa.

NJIA YA HALALI

Tanzania ina sheria juu ya jambo hili. Ni Sheria ya Kurejesha Wahalifu, Sura ya 368, iliyotungwa mwaka 1965. Kenya nayo ina sheria zake. Mpango wake, tukiueleza kwa ufupi, ni huu.

Nchi inayomtaka mtu huandika maombi. Katika maombi hayo hutaja kosa lenyewe, na huambatisha hati ya kukamata na ushahidi. Maombi hupelekwa serikali kwa serikali. Nchi inayoombwa haimfungi mtu kamba na kumtupa upande wa pili. Humpeleka mbele ya hakimu. Hakimu huuliza: Je, huyu ndiye hasa anayetakiwa? Je, kosa hili ni miongoni mwa makosa ambayo mtu huweza kurejeshwa kwa ajili yake? Je, ushahidi unatosha kumpeleka mtu kortini? Je, hatakiwi kwa sababu ya siasa tu?

Kati ya nchi jirani, kama sisi na Kenya, iko njia iliyo fupi zaidi. Hati iliyotolewa na hakimu wa upande mmoja huweza kupelekwa kwa hakimu wa upande wa pili, akaitazama na kuitilia sahihi. Ikiisha kutiwa sahihi, polisi wa huko wanaweza kumkamata mtu yule. Lakini tazama jambo moja: hata katika njia hii fupi, hakimu yupo. Hakuna mahali ambapo askari wawili hukutana usiku penye mpaka, mmoja akasema "Chukua," na mwingine akasema "Ahsante," basi ikawa halali.

Sheria hizi zetu zimejengwa juu ya mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1870. Sheria ile ya zamani ilisema kwamba hakimu akisha amua mtu arejeshwe, mtu huyo asiondolewe nchini mpaka zipite siku 15, naye aelezwe kwamba ana haki ya kwenda Mahakama Kuu kulalamika. Kwa nini siku 15? Ili mtu apate nafasi ya kusema. Mtu akisha pakiwa ndani ya ndege, hata akiwa na haki kama mchanga wa pwani, nani atamsikia?

NJIA HUHARIBIWAJE?

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Njia hii ya halali huharibiwa namna mbili. Andika katika daftari lako.

Namna ya kwanza: nchi inayoomba huitumia korti kwa hila. Huleta maombi yanayoonekana mazuri kwenye karatasi, lakini nia iliyo nyuma yake ni nyingine. Pengine wanamtaka mtu kwa siasa zake, wakasema ameiba. Pengine wameficha ushahidi ambao ungemsaidia. Pengine walimwahidi kwamba hatashtakiwa, na baada ya miaka mingi wakageuka. Mtuhumiwa husema mbele ya hakimu: "Bwana hakimu, korti yako inatumiwa vibaya."

Namna ya pili: njia ya korti huachwa kabisa. Mtu hutekwa, au hudanganywa, au huitwa "mhamiaji asiye na kibali" na kutiwa ndani ya ndege, kwa sababu serikali hazitaki kungoja hakimu. Akifika nchi nyingine, hushtakiwa kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo husema mbele ya jaji wa huko: "Bwana jaji, sikuletwa hapa kwa sheria. Nimeletwa kwa dirisha, si kwa mlango."

Mfano wa kuvunja ahadi tunao hapa jirani, ingawa haukuwa wa kuvuka mpaka. Huko Kenya alikuwako Bwana Stanley Munga Githunguri. Alisemekana kuvunja sheria ya fedha za kigeni mwaka 1976. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu iliamua asishtakiwe, naye akaambiwa hivyo. Miaka ikapita. Kisha, mwaka 1985, akashtakiwa kwa jambo lile lile, wala hapakuwa na ushahidi mpya. Mahakama Kuu ya Kenya ikasema hapana. Kumshtaki mtu miaka tisa baada ya jambo, na miaka minne baada ya kuamuliwa kwamba hatashtakiwa, ni kumsumbua na ni kuitumia korti vibaya. Shauri likazuiwa. Hukumu ile mawakili wa Afrika ya Mashariki huitaja mpaka leo.

MTU WA ZANZIBAR KATIKA MJI WA CAPE TOWN

Sasa nataka mnisikilize kwa makini, maana mfano ninaotaka kuuleta unatuuma sisi wenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu mawili yalilipuka karibu kwa wakati mmoja. Moja lilikuwa Nairobi na la pili Dar es Salaam, penye balozi za Marekani. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Dar es Salaam walikufa watu 11. Wengi wao walikuwa Waafrika waliokuwa kazini mwao au wakipita njia. Maelfu waliumizwa, na wako waliopotewa na macho kwa vipande vya vioo.

Mmoja wa walioshukiwa alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania kutoka Zanzibar. Mwezi huo huo wa Agosti alikwenda Afrika ya Kusini akaingia kwa jina la uwongo. Akaomba hifadhi ya ukimbizi, akapewa kibali cha muda, akafanya kazi katika duka la chakula mjini Cape Town. Mwaka ukapita. Tarehe 5 Oktoba 1999 alikwenda ofisi ya uhamiaji ili kibali chake kiongezwe muda. Alikuwa amekwisha tambuliwa kwa picha. Akakamatwa pale pale. Siku iliyofuata alikabidhiwa kwa wapelelezi wa Marekani, akatiwa ndani ya ndege, akapelekwa New York.

Ndugu mwanafunzi, hesabu siku. Siku moja! Hapakuwa na maombi mbele ya hakimu. Hapakuwa na wakili. Serikali ya Afrika ya Kusini ilisema kwamba haikumrejesha kama mtuhumiwa. Ilisema imemfukuza tu kama mgeni aliyeingia kwa udanganyifu. Lakini kama ni kumfukuza mgeni, mgeni hurudishwa kwao. Kwao ni Tanzania. Je, New York ni mtaa wa Zanzibar?

Liko jambo zito zaidi. Huko Marekani makosa yale yaliweza kumpatia mtu hukumu ya kifo. Afrika ya Kusini ilikwisha kuifuta adhabu ya kifo mwaka 1995, kwa hukumu ya Mahakama yake ya Katiba. Ujerumani, ilipotakiwa kumtoa mtuhumiwa mwingine wa kundi hilo, ilidai kwanza ahadi kwamba hatauawa, nayo Marekani ikatoa ahadi hiyo. Afrika ya Kusini haikudai chochote.

Mawakili walikwenda Mahakama ya Katiba huko Johannesburg. Tarehe 28 Mei 2001 mahakama ikatoa hukumu. Ilisema kwamba kumkabidhi mtu yule bila ahadi juu ya adhabu ya kifo kulivunja haki yake ya uhai, heshima yake ya utu, na haki yake ya kutoadhibiwa kikatili. Serikali ilidai kwamba alikubali mwenyewe kwenda Marekani. Mahakama ikajibu kwamba mtu hawezi kukubali jambo asiloelezwa. Hakujulishwa kwamba anayo haki ya kudai ahadi ile. Tena ikasema haijalishi kama tendo lile laitwa kumrejesha au kumfukuza. Jina la tendo halibadili tendo. Ukimwita mbuzi kondoo, hatatoa sufi.

Mwisho mahakama iliamuru kwamba hukumu hiyo ipelekwe kwa haraka kwenye mahakama ya New York, ambako kesi ilikuwa ikiendelea.

Je, mtu yule aliachiliwa? Hakuachiliwa. Siku moja tu baadaye, tarehe 29 Mei 2001, baraza la wazee wa mahakama huko New York lilimwona ana hatia. Lakini walipoulizwa kama auawe au asiuawe, hawakuweza kukubaliana wote. Basi akahukumiwa kifungo cha maisha.

KWA NINI KUJISUMBUA KWA AJILI YA MTU KAMA HUYO?

Najua sasa wako wanaonung'unika darasani. Nasikia mmoja akisema: "Mwalimu, watu 11 walikufa Dar es Salaam. Yeye aliwapa wakili? Aliwapa siku 15?"

Manung'uniko hayo ni ya haki, wala siyadharau. Waliokufa wana haki, na jamaa zao wana haki ya kuona mashtaka yakisikilizwa. Lakini tufikiri pamoja.

Jambo la kwanza. Siku ile Cape Town, hakuna aliyekuwa amekwisha thibitisha kwamba yeye ndiye. Alikuwa mtuhumiwa. Tunajua leo kwa sababu kesi ilisikilizwa. Askari akikosea jina au picha, akamtia ndani ya ndege mtu mwingine mwenye jina kama lile, nani angalilitambua kosa? Majina yetu ya pwani yafanana. Akina Ali Juma na Khamis Mohamed wangapi wako Tanga peke yake? Hakimu yupo ili aulize, "Je, huyu ndiye?"

Jambo la pili. Dirisha halichagui. Serikali ikizoea kumtoa mhalifu mkubwa kwa dirisha, kesho itamtoa mwanasiasa, na kesho kutwa mtoto wako aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi. Hakuna sheria moja kwa watu wabaya na nyingine kwa watu wema, kwa maana kujua nani ni mbaya ndiyo kazi yenyewe ya korti.

Jambo la tatu. Mwenye kudai haki lazima aje na mikono safi. Serikali inayomshtaki mtu kwa kuvunja sheria, huku yenyewe imeivunja ili kumpata, yasema nini kwa watu wake?

MAHAKAMA HAZIKUBALIANI

Msidhani kwamba mahakama zote za dunia huliona jambo hili kwa jicho moja.

Afrika ya Kusini mwaka 1991, kabla ya katiba yake mpya, mahakama ya rufani iliifuta hukumu ya Ebrahim Ismail Ebrahim, mtu wa chama cha ANC. Alikuwa ametekwa nchini Swaziland mwaka 1986, akaletwa kwa nguvu na kufungwa miaka 20. Mahakama ikasema kwamba korti haina uwezo juu ya mtu aliyeletwa kwa kutekwa na serikali.

Uingereza mwaka 1993 mahakama yake ya juu ililitazama shauri la Bwana Bennett, mtu wa New Zealand, aliyetakiwa kwa udanganyifu katika kununua helikopta. Alidai kwamba polisi wa nchi mbili walipatana wampitishe London, kwa kisingizio cha kumrudisha kwao, ili akamatwe hapo. Mahakama ikasema kwamba ikiwa ni kweli, majaji wana uwezo wa kulizuia shauri.

Lakini Marekani mwaka 1992 mahakama yake kuu iliamua kinyume. Daktari mmoja wa Meksiko, Bwana Alvarez-Machain, alitekwa nchini mwake na kupelekwa Marekani. Mahakama ikasema kwamba kutekwa kwake hakuizuii korti kumhukumu. Aliposhtakiwa, mwaka huo huo, ilionekana hakuna ushahidi wa kutosha, akaachiliwa. Basi alitekwa bure.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki pia liko jambo kama hilo. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, walipokuwa wakitazama mchezo wa mpira. Wakenya kadhaa walikamatwa kwao na kuvushwa mpaka kupelekwa Uganda bila kupitia shauri la kurejeshwa. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema kwamba kuwavusha watu namna ile hakukuwa halali. Lakini watu walikwisha kuwa Uganda. Walilalamika kwenye Mahakama ya Katiba ya Uganda. Mwaka 2014 malalamiko yao yakakataliwa, na kesi ikaendelea. Mwaka 2016 watu 7 kati ya 13 walionekana na hatia ya ugaidi. Basi, mtu akisha vushwa, hukumu ya nyumbani humfikia kama barua iliyochelewa.

Yuko pia Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshtakiwa kwa mabomu yale yale ya 1998. Alikamatwa Pakistani mwaka 2004, akawekwa katika magereza ya siri ya wapelelezi wa Marekani, kisha Guantanamo, na mwaka 2009 akapelekwa New York. Mawakili wake waliomba kesi ifutwe kwa sababu aliteswa. Jaji alikataa kuifuta. Lakini alimzuia shahidi mmoja mkubwa asisikilizwe, kwa kuwa shahidi huyo alijulikana kwa njia ya mateso. Katika mashtaka zaidi ya 280, mwezi Novemba 2010 Ghailani alionekana na hatia katika shtaka moja tu. Alipewa kifungo cha maisha. Tazama basi: aliyetumia njia mbaya aliharibu ushahidi wake mwenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

NOVEMBA 1983

Wazee wa Tanga wanaukumbuka mwaka 1983. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya zamani ilipovunjika. Kwa miaka sita Horohoro palikuwa kimya. Mwezi Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa tena, na watu wakafurahi.

Lakini mwezi ule ule lilitendeka jambo jingine. Mwaka 1982 wanajeshi wa anga wa Kenya walijaribu kuipindua serikali yao wakashindwa. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Dar es Salaam kwa ndege pamoja na mwenzake. Katika kupatana upya, Tanzania iliwarudisha kwao, na Kenya nayo ikawatoa watu waliokimbia Tanzania kwa kusemekana walitaka kuipindua serikali yetu. Ochuka alihukumiwa kifo, akanyongwa mwaka 1987.

Sisemi kwamba walikuwa watu wema au wabaya. Nasema hivi: mtu alipewa pa kukaa, kisha akawa sehemu ya mapatano ya wakubwa. Ndiyo maana sheria humtaka hakimu asimame katikati na kuuliza kama mtu anatakiwa kwa siasa.

SI KILA LALAMIKO HUKUBALIWA

Sasa nisije nikawadanganya. Mtu hawezi kusimama kortini na kusema tu, "Naonewa," akaachiliwa. Kama ingalikuwa hivyo, hakuna mwizi ambaye angalirudishwa. Mahakama huanza kwa kuamini kwamba nchi inayoomba inaomba kwa nia njema. Mwenye kusema vingine ndiye wa kuonyesha.

Mwaka 2006 majaji wa Uingereza walieleza hatua ambazo hakimu azifuate mtu anapolalamika hivi. Hatua hizo ni nne, nazo zinafaa kujifunzwa na kila mtu.

1. Mlalamikaji aseme waziwazi ni tendo gani baya lililofanyika. Maneno ya jumla hayatoshi.
2. Hakimu ajiulize: Tendo hilo, kama ni kweli, laweza kuwa matumizi mabaya ya korti?
3. Kama laweza, je, ziko sababu za maana za kuamini kwamba huenda lilitendeka?
4. Kama ziko, hakimu asikubali mtu arejeshwe mpaka aridhike kwamba tendo hilo halikutendeka.

Ona jinsi mizani inavyogeuka. Mwanzo mzigo uko juu ya mlalamikaji. Akisha onyesha sababu za maana, mzigo unahamia kwa mwenye kuomba.

UFANYE NINI?

Siku moja yaweza kutokea kwamba jamaa yako amekamatwa ng'ambo ya mpaka, au mgeni aliye kwako amekamatwa hapa, nawe wasikia kwamba atapelekwa nchi nyingine. Fanya haya.

Kwanza, fanya upesi. Katika mashauri haya wakati ni kila kitu. Khalfan Mohamed aliondolewa kwa siku moja.

Pili, uliza: Amekamatwa kwa hati gani? Ya hakimu gani? Ameshikwa wapi? Atapelekwa mbele ya hakimu lini? Andika majibu, na siku, na saa. Hapa ndipo utakapoona faida ya kujua kuandika. Karatasi moja yenye tarehe sahihi ina nguvu kuliko maneno mengi ya barazani.

Tatu, mtafute wakili, au watu wanaotoa msaada wa sheria. Wakili aweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri kwamba mtu aletwe mbele ya jaji, na asiondolewe nchini mpaka jaji amsikilize.

Nne, usimwambie jamaa yako atie sahihi karatasi asiyoielewa. Katika mashauri haya serikali mara nyingine husema, "Alikubali mwenyewe." Mtu asiyejua kusoma aweza kukubali safari yake bila kujua. Ninyi mnajifunza kusoma; someni kila neno kabla ya kutia sahihi.

Tano, usimfiche mtu. Kumficha ni kosa, tena kunamharibia haki yake. Haki yake iko mbele ya hakimu, haiko mvunguni.

MWISHO WA SOMO

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Tukumbuke neno moja tu. Mpaka haumwokoi mhalifu, lakini mpaka unamtaka kila mtu, hata serikali, apite mlangoni na kubisha hodi. Hodi yenyewe ni shauri mbele ya hakimu. Nchi iliyo na subira ya kubisha hodi haipotezi haki yake. Nchi inayopita dirishani yaweza kumpata mtu, lakini huacha nyuma dirisha lililo wazi, na usiku huo huo wengine nao wataliona.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini askari wa nchi moja hana amri ya kawaida katika nchi ya pili?
2. Taja namna mbili za kuiharibu njia ya kurejesha watuhumiwa.
3. Serikali ya Afrika ya Kusini ilisema kwamba ilimfukuza mgeni tu. Mahakama ilijibu nini?
4. Mwenzako asema: "Mtu aliyeua hana haki ya wakili." Utamjibuje? Andika majibu yako kwa mistari mitano.
5. Uliza wazee wa kijiji chenu: Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, maisha yalikuwaje? Andika maneno yao, uyasome mbele ya darasa wiki ijayo.